KUHESABU HATARI KABLA YA HASARA
Somo kwa wenyeji wa Songwe

Kila mwaka mvua kubwa zikiisha, makarani huketi mezani na kuandika hesabu ya hasara: paa zilizoezuliwa, magunia yaliyooza, mifugo iliyochukuliwa na maji, na mara nyingine, Mungu atuepushe, majina ya watu. Hesabu hiyo ni ya lazima, maana bila hiyo msaada hauji. Lakini sisi tuliopata kuishika kalamu hiyo twajua kuwa imechelewa. Ipo hesabu nyingine, nyepesi kuliko hiyo, ambayo ingeweza kuandikwa mwezi wa Septemba au Oktoba, mawingu yangali mbali. Hiyo ni hesabu ya hatari, nayo ndiyo tupendayo kuieleza leo kwa wazee, wenyeviti wa vijiji, watendaji, waalimu na kila ajuaye kusoma katika nchi ya Mbozi, Momba, Ileje, Songwe na mji wa Tunduma.

Huenda msomaji akatuambia, "Ajali haina kinga." Nasi twakubali, methali ni ya kweli kwa mambo yaliyo ajali. Lakini mto uliofurika mara tano katika miaka kumi, ukafurika na mara ya sita, huo haukuleta ajali. Ulikuwa umekwisha tuarifu mara tano, wala hatukuandika.

I. MANENO MATATU

Kwanza yatupasa kutenga maana za maneno matatu ambayo watu huyachanganya.

Tishio ni nguvu ya maumbile iwezayo kudhuru: maji mengi, upepo mkali, tetemeko la nchi, tope lishukalo mlimani, ukame, nzige. Tishio halituombi ruhusa, wala hatuwezi kulizuia lisizaliwe.

Hatari ni tishio pamoja na watu na mali zilizo njiani mwake. Simba akinguruma katika pori lisilo na mtu, yeye ni tishio tu. Akinguruma penye zizi lililovunjika mlango, hapo pana hatari.

Maafa ni hatari iliyokwisha kutimia, ikawazidi watu nguvu hata wasiweze kujitegemea wenyewe.

Mtu akiyashika maneno haya matatu ataona mara moja mahali pa kufanya kazi. Tishio hatuliwezi. Maafa yakifika, tumechelewa. Kazi yetu i katikati, yaani katika hatari, maana mlango wa zizi waweza kutengenezwa.

II. MFANO WA KIMONDO

Wenyeji wote wanakijua Kimondo cha Mbozi, kilichopo katika mteremko wa kilima cha Marengi. Ni pande la chuma lililoanguka kutoka mbinguni, lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito ukadiriwao kuwa tani 16. Kilikwisha julikana kwa wenyeji kabla ya mwaka 1930, ambao ndio mwaka habari zake zilipoandikwa na mpima ardhi mmoja, naye ndiye aliyezieneza kwa watu wa mbali. Hakuna aliyebaki na kumbukumbu ya siku kilipoanguka.

Mtoto wa shule akiulizwa ni jambo gani la kuogopwa zaidi katika Mbozi, huenda akasema, "Kimondo kingine kuanguka juu ya mji." Tusimcheke, maana watu wazima nao hufanya vivyo hivyo. Huliogopa jambo kwa ukubwa wake, wala hawaulizi huja mara ngapi. Jambo kubwa lisilorudi katika maisha ya watu mia halistahili siku moja ya kazi ya kijiji. Bali mfereji mdogo uliozibwa na takataka, ambao kila Januari huingiza maji katika nyumba kumi, wastahili. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

III. MATISHIO YA NCHI YETU

Tuyatazame sasa matishio moja moja, kila moja mahali pake, maana mkoa huu si sawa kila upande. Uwanda wa juu wa Mbozi na Tunduma una baridi na mvua njema. Bonde la Rukwa liko chini na lina joto. Ileje ni nchi ya milima na mabonde membamba.

Mito na ziwa. Ziwa Rukwa halina mto utokao. Maji yaingiayo huondoka kwa jua tu, tena ziwa lenyewe si la kina kirefu. Kwa sababu hiyo likipata maji kidogo zaidi hupanuka sana, na likikosa hurudi nyuma. Mwaka 1929 urefu wake ulikuwa karibu kilometa 50, na mwaka 1939 ulikuwa umefika karibu kilometa 128. Siku hizi urefu wake hutajwa kuwa kilometa 180 hivi. Basi mtu ajengaye katika uwanda ulio kando ya ziwa katika miaka ya ukame, akisema kuwa pale ni pakavu, amejenga katika chumba cha mwenye nyumba aliyesafiri. Mto Momba nao, utokao upande wa Zambia na kumwaga maji yake katika ziwa hilo, huteremka kutoka nchi ya juu. Mvua yaweza kunyesha mbali, na watu wa chini wakaona maji yanapanda mbingu ikiwa nyeupe.

Tena msomaji asisahau kuwa mito iitwayo Songwe ni miwili. Mmoja huingia Ziwa Rukwa. Wa pili huingia Ziwa Nyasa, nao ndio mpaka wetu na Malawi kwa upande wa Ileje na Kyela. Huu wa pili una tabia ya kuhama njia yake wakati wa mafuriko, hata shamba la mtu likaonekana asubuhi kuwa ng'ambo. Ndiyo sababu serikali hizi mbili zimeunda kamisheni ya pamoja ya kulitunza bonde lake, kwa kuwa mto wa watu wawili hautunzwi na mmoja.

Milima. Watu wa Ileje, na wote wakaao chini ya miteremko mikali, nawasikie habari za majirani. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang katika mkoa wa Manyara, yakaupiga mji wa Katesh, na zaidi ya watu 80 wakafa. Aprili 2024, karibu na kwetu zaidi, tope lilishuka kutoka mlima Kawetere katika jiji la Mbeya, likafukia nyumba za Itezi na kuingia katika shule. Mlima utakao kushuka mara nyingi hutoa dalili: nyufa mpya juu ya mteremko, miti iliyosimama wima kuanza kuinama, chemchemi kuchafuka au kutokea mahali ambapo haikuwapo. Aonaye dalili hizi wakati wa mvua asingoje kikao. Naahame kwanza, kisha ndipo atoe habari.

Tetemeko la nchi. Sisi tunakaa karibu na Bonde la Ufa, lile tawi la magharibi lipitalo Ziwa Tanganyika, Rukwa na Nyasa, ambapo ardhi inatanuka polepole sana. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la ukubwa wa 7.4 lilitikisa nchi ya Ufipa na pande za kusini za Ziwa Tanganyika. Ni mojawapo ya matetemeko makubwa kuliko yote yaliyopimwa katika Afrika. Desemba 2009 ardhi ya Karonga, ng'ambo ya mto Songwe katika Malawi, ilitetemeka mara kwa mara kwa majuma kadhaa, na pigo moja likafika ukubwa wa 6.0. Watu walilala nje na nyumba nyingi zilivunjika.

Hapa pana jambo la kulifikiri sana. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera, watu 17 wakafa, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibika hata zikafungwa. Kwa hesabu ya wataalamu, nguvu ya tetemeko la 1910 ilizidi ya Kagera zaidi ya mara mia. Lakini mwaka 1910 watu wengi walilala katika nyumba za miti, udongo na nyasi, ambazo hutikisika zikainama. Leo twalala chini ya matofali mazito, mengi yameshikamanishwa kwa udongo mtupu, na juu yake ukuta wa pembetatu usiofungwa na kitu. Ardhi ni ile ile. Tuliobadilika ni sisi, na hatari imekua pamoja na kuta zetu. Hatusemi turudi katika nyumba za nyasi. Twasema kuwa aliyeongeza uzito juu ya kichwa chake imempasa kuongeza na kamba za kuufunga.

Upepo na radi. Haya hayaandikwi katika vitabu vya historia, lakini huja kila mwaka. Mwanzo wa mvua, upepo huezua mabati ya shule na makanisa. Mara nyingi sababu yake ni misumari michache na kenchi zisizofungwa kwenye ukuta. Radi nayo huwapiga walio chini ya mti ulio peke yake, au walio katikati ya uwanja.

Nzige. Tumeacha tishio hili nyuma kwa makusudi, kwa kuwa lina faraja ndani yake. Nzige wekundu huzaliwa katika nyanda chache tu za nyasi na maji, na uwanda wa Rukwa ni mmojawapo. Kutoka hapo, na kutoka Mweru wa Ntipa katika Zambia, lilianza lile pigo la miaka ya 1930 hata 1944, lililoenea nchi nyingi za Afrika kusini ya Ikweta na kula vyakula vya watu. Wataalamu walipokwisha kutambua mahali anapozaliwa adui, mwaka 1949 iliwekwa idara ya kumlinda huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala, nao hauko mbali na Tunduma. Kazi hiyo iliendelezwa na shirika la nchi kadhaa. Mwaka 2009 nzige walipoongezeka katika Katavi na Malagarasi, walinyunyiziwa kutoka angani dawa itokanayo na ukungu unaowaua nzige bila kuwadhuru viumbe wengine wengi, wakazimwa kabla ya kuruka. Tangu 1944 hatujaona tena pigo kamili la nzige wekundu. Basi asemaye kuwa maafa hayana kinga, na amweleze mjukuu wake kwa nini yeye hakupata kuziona siku za giza la nzige walizoziona babu zake.

Mji wa Tunduma. Katika sensa ya 2012 watu wa Tunduma hawakutimia laki moja. Katika sensa ya 2022 walikuwa wamepita laki mbili. Mvua inyeshayo juu ya nyasi huzama ardhini. Inyeshayo juu ya bati na saruji hukimbia. Kila paa jipya na kila uwanja uliosakafiwa huongeza maji katika mfereji ule ule wa zamani. Tena maji hayo yakiingia katika vyoo na kutoka humo yakafika visimani, kipindupindu hufuata. Na mji wenye wasafiri na magari ya mizigo yapitayo kwenda Nakonde na mbali zaidi hausambazi bidhaa peke yake.

IV. NAMNA YA KUHESABU

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Haitaki chombo chochote ila punje za mahindi, karatasi na wazee wenye kumbukumbu.

Kutaneni baada ya mavuno, wazee kwa vijana, wanawake kwa wanaume. Wanawake wasikosekane, maana wao ndio wajuao ni kisima kipi huchafuka na ni njia ipi huzuiliwa na maji. Kwanza chora ramani ya kijiji chini mchangani: mto, mteremko, nyumba, shule, ghala, visima. Kisha kwa kila tishio ulizeni maswali matatu, na kila swali lipewe punje 1, 2 au 3.

Swali la kwanza: Huja mara ngapi? Lijalo karibu kila mwaka, punje 3. Lijalo mara moja au mbili katika miaka kumi, punje 2. Lililoonwa na wazee mara moja tu, au kusikiwa kwa baba zao, punje 1.

Swali la pili: Wangapi wako njiani? Kijiji kizima, punje 3. Kitongoji kimoja au viwili, punje 2. Nyumba chache, punje 1.

Swali la tatu: Walio njiani ni wadhaifu kiasi gani? Wasio na njia ya kukimbilia, wala akiba, wala nyumba imara, punje 3. Walio na kimojawapo, punje 2. Waliokwisha kujiandaa, punje 1.

Zidisha namba hizo tatu. Tuseme kijiji kimoja kando ya mto katika bonde la Momba kimehesabu hivi. Mafuriko: 3 mara 2 mara 3, jumla 18. Upepo: 3 mara 2 mara 2, jumla 12. Tetemeko: 1 mara 3 mara 3, jumla 9. Nzige: 1 mara 3 mara 1, jumla 3, kwa kuwa wapo walinzi. Kimondo hakikupewa hata punje moja. Kijiji cha milimani Ileje kitapata jumla nyingine kabisa, na mtaa wa Tunduma jumla nyingine. Ndiyo maana hesabu hii haiwezi kufanywa na mtu wa mbali kwa ajili yenu.

V. BAADA YA KUHESABU

Hapa wengi hukosea. Huona tetemeko limepata 9, nalo liko chini ya mafuriko, wakaliacha. Sivyo. Jumla yaonyesha lipi lianze, wala haisemi kuwa mengine yasahauliwe. Tena kazi zake si za namna moja.

Mafuriko na upepo hutaka kazi ya kila mwaka: kuzibua mifereji kabla ya Novemba, kuhamisha ghala mahali palipoinuka, kutolima wala kukata miti hata ukingoni mwa mto, kuchagua mapema njia ya kukimbilia na mtu wa kupiga ngoma au kengele, kukaza mabati.

Tetemeko hutaka kazi mara moja tu, siku ile ya kujenga. Siku hiyo ikipita, imepita. Kwa hiyo kila kijiji kijengacho darasa jipya, zahanati au nyumba ya mwalimu, kimwulize fundi maneno manne kabla ya kumpa fedha: Je, matofali yamefungamana pembeni? Je, pana mkanda wa zege wenye nondo uzungukao nyumba nzima juu ya milango na madirisha, ambao mafundi huuita linta? Je, ukuta wa pembetatu wa juu umefungwa na paa? Je, kenchi zimefungwa na ukuta? Linta iliyokatika katikati si linta. Na kenchi iliyofungwa vema huzuia upepo pia, basi kwa gharama moja umewajibu maadui wawili.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hata kijiji. Kamati yenye karatasi ya hesabu mkononi husikilizwa kuliko kamati yenye malalamiko. Nayo Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa maonyo kwa daraja: angalizo, kisha tahadhari, kisha tahadhari kubwa. Lakini onyo la redio likisema mvua kubwa yaja katika mkoa wa Songwe, halikuambii ni nyumba ya nani itakayoingia maji. Hilo mwalijua ninyi, kama mmeliandika.

VI. KAZI YA WAALIMU

Twawaomba waalimu wawape wanafunzi maswali haya, nao wayapeleke nyumbani kwa babu na bibi:

1. Mto ulio karibu nanyi ulipanda juu kuliko siku zote mwaka gani, nao ulifika wapi? Wekeni alama ya rangi kwenye mti au jiwe mahali hapo.

2. Ni nyumba ngapi zilizojengwa chini ya alama hiyo tangu mwaka huo?

3. Paa la darasa lenu limefungwa na ukuta kwa kitu gani?

4. Ardhi ikitikisika mkiwa darasani, mtajifunika chini ya nini, na kisha mtatoka kwa mlango upi?

Swali la pili ndilo zito kuliko yote. Likijibiwa kwa kweli, laweza kuwaudhi watu wenye viwanja huko, na huenda hata mmoja wa wajumbe wa kamati ana nyumba chini ya alama. Hata hivyo liandikwe. Ni heri aliyejenga hapo akasirike mwezi wa Oktoba, kuliko karani kuja mwezi wa Machi na daftari lake, akiuliza jina lake liandikwe namna gani.